Kikombe Chako Kiko Usoni kwa Baba

Kifungua mimba wangu,

Kikombe chako cha plastiki usikitafute. Nimekibandika kwa plasta usoni kwa baba yako, kikinge jicho la kulia bila kuligusa. Tunakwenda hospitali ya macho. Maharage yakiiva, zima jiko. Bibi mpe dawa yake, na usimwambie kitu kabla hajala.

Ulipotoka na skuta yako asubuhi, baba alizunguka nyumba nzima akitafuta kofia yake ngumu. Mwishowe akapanda baiskeli yake ya umeme kichwa wazi, nami nikimfokea mpaka getini. Pale kona ya duka la dawa breki zikashika ghafla, akarushwa mbele, kioo cha pembeni kikamvunjikia usoni. Kipande bado kimo jichoni. Eti alitaka kukitoa mwenyewe kwa kibanio chake cha saa! Nimempiga mkono kama mtoto. Fundi saa mzima, na jicho lenyewe ndilo la kuwekea lenzi ya kazi.

~~Kofia ya mtu haichukuliwi bila kuuliza. Asipoona tena, ujue ni wewe~~

Ameniuliza naandika nini kwa hasira hivyo. Nilipomsomea, akaniambia nikate. Kumbe aliitundika mwenyewe kwenye skuta yako alfajiri, kwa kuwa kofia yako ina ufa. Kule kuitafuta kulikuwa maigizo, nisije nikamzuia kukupa.

Teksi inapiga honi. Ukija hospitali, njoo umeivaa kofia yake, na kioo chake cha usoni ukishushe. Atataka kukuona hivyo.

Mama yako