Yakobo Alishika Jembe Jumamosi

Jumatatu, 6 Novemba 1978

Nimetoka kufundisha wakatekumeni wangu wa ubatizo. Wamekuja wachache, wengine wameganda kwenye redio ya jirani. Habari za vita. Kwetu Bukoba, ng'ambo ya ziwa, hali mbaya. Ee Mungu, walinde ndugu zangu.

Mama Deo kakaanga senene, wale panzi wa kwetu. Fundi Yakobo kaja baada ya kazi kama kawaida, mikono inanuka dizeli. Mzungu huyu, fundi wa injini za boti, ni jirani yetu hapa Nyakato miaka mingi sasa. Msabato safi. Jumamosi hawashi hata jiko. Nguruwe hali, samaki kamongo hali. Senene anakula, tena kwa pupa. Mama Deo kamwambia, "Shemeji, dini yako inachagua vitamu tu!" Tumecheka sana. Nampenda mtu huyu.

Jumatano, 8 Novemba

Mkutano wa nyumba kumi. Balozi kasema mgambo wa mtaa wetu wanaondoka Jumapili asubuhi kwenda mpakani. Deo wangu yumo. Miaka kumi na tisa. Mafunzo yenyewe ni gwaride na bunduki za miti. Vijana wakaimba. Deo akaimba kuliko wote.

Balozi akamtania Yakobo. "Na wewe Fundi? Au Wasabato mnapigana kwa nyimbo?" Watu wakacheka, Yakobo naye akacheka. Mimi nilishindwa. Naogopa. Deo ndiye mtoto pekee aliyetubakia.

Ijumaa, 10 Novemba

Leo nina mengi.

Jioni Deo alikuwa anajigamba mbele ya Yakobo, eti atarudi na nishani kifuani. Yakobo akainuka bila kuaga. Nikadhani kaudhika. Akarudi na kitambaa, akakifungulia kiganjani mwa Deo. Nishani ya kweli, ina kichwa cha mfalme wa Waingereza.

"Mbona nyepesi?" Deo kauliza.

"Ndiyo uzito wake. Hakuna zaidi."

Kisha akatueleza. Alikimbia kwao Poland akiwa mdogo kuliko Deo. Wazazi na dada zake walibaki, wakauawa wote. Kahangaika nchi kwa nchi, kaingia jeshi la Waingereza, kapigana Italia. Huko ndiko alikopewa ile nishani. Vita ilipoisha hakuwa na mtu wa kumrudia. Akafuata kazi ya injini mpaka huku ziwani.

Miaka yote hii, na hakuwahi kusema!

Nikamwomba amfundishe mwanangu. Siku imebaki moja tu. Akakataa. Aliapa hatashika bunduki tena. Na jua lilikuwa linazama, Sabato yake inaingia. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Hata Wasabato wenzako ng'ombe akitumbukia shimoni wanamtoa!"

"Mwalimu," akasema taratibu, "mimi si Msabato. Mimi Myahudi."

Nikabaki kama niliyemwagiwa maji. Kila Jumapili nafundisha habari za Wayahudi. Ibrahimu, Musa, manabii, wote nawataja kwa majina. Mmoja anakula senene kwangu, sikumjua.

Nikamwuliza mbona hakusema. Akajibu, "Siku ya kwanza mliniita Msabato, mkaniacha nipumzike Jumamosi yangu. Nilitaka nini tena?"

Lakini hakukubali. Kaondoka. Bado nina hasira naye. Najua ni dhambi.

Jumamosi, 11 Novemba

Asubuhi nikasikia jembe nyuma ya nyumba. Yakobo. Anachimba katikati ya migomba yangu. Jumamosi!

Mama Nyamizi, yeye ni Msabato hasa, alikuwa anakwenda kanisani, Biblia kwapani. Akasimama njiani. "Yakobo! Leo leo? Umeasi?"

"Nimeasi, mama. Niombee."

Sijui huko kanisani kwao wamesemaje.

Mimi akaniambia kwao Wayahudi kuokoa uhai wa mtu kunatangulia Sabato. Kasema hata jana alijua hilo, alikuwa anajificha nyuma ya Sabato, basi. Bunduki hakugusa, hata ya mti. Akamkabidhi Deo jembe. Ukifika mahali chimba shimo kwanza, chakula baadaye. Soksi zikilowa zikaushie tumboni. Kitu kizuri kimelala njiani, usiokote. Ukiitwa jina gizani, usiitike. Akamlaza shimoni, akawa anarusha madongo. Kiwiko kikionekana, dongo. Kisogo, dongo.

Deo alianza kwa kucheka. Kufikia mchana hakuwa anacheka tena. Nilifurahi kumwona ameogopa. Baba gani mimi?

Jumapili, 12 Novemba

Lori limeondoka. Nimembariki pale barabarani. Mama yake hakulia mpaka lori lilipokata kona. Nimekwenda kufundisha. Nimefundisha vibaya.

Alhamisi, 8 Februari 1979

Bado hatuna habari za Deo. Na sasa mtoto wa Balozi ameuawa huko. Waliondoka lori moja na Deo. Tumeshinda msibani. Yakobo kakaa mkekani na Balozi kutwa nzima, Balozi hakumwachia mkono. Akija mtu na baiskeli kwa haraka, nadhani kaleta habari za Deo, natoka mlangoni kabla hajafika. Nasali rozari, Yakobo naye anasali kwa lugha yake. Nikamwuliza kama Mungu anazisikia sala zote mbili.

"Wewe ndiye mwalimu," akasema.

Jumapili, 22 Julai 1979

Deo amerudi juzi. Mzima. Amekonda, sikio la kushoto halisikii vizuri. Nishani hana, wala hakuitaja. Nimesema asante Mungu mpaka Mama Deo kaniambia ninyamaze, Mungu kashasikia.

Na sisi haongei sana. Anakula, analala, anatutazama.

Alasiri hii ameketi na Yakobo nje, migongo ukutani. Kisha Deo akasema kitu kidogo, Yakobo akajibu neno moja, wakacheka. Kicheko kifupi, cha wao wawili. Nilikwisha kuinuka niende nikaulize wanacheka nini.

Nimekaa tena. Dirisha liko wazi, naandika, nawasikia.