Eda ya Mama na Kunguru Wako

Malindi, Unguja
23 Mei 1971

Kwa kaka yangu Jaku,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko melini, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepoa. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Mama hajambo sana, na hilo la "sana" ndilo lililonikalisha chini kukuandikia, maana limetufikisha pahala ambapo peke yangu sipawezi.

Baba alipofariki mwezi wa Januari, mama aliingia eda, akakaa chumba cha juu na nguo zake nyeupe, akaacha kula. Sisemi alipunguza, aliacha. Kikombe cha chai kilipanda ngazi na kikashuka vile vile. Nilipika uji, nikapika boko-boko ya ngano na nyama, nikamwita Bi Borafya wa nyumba ya pili aje amsihi, na Bi Borafya akaishia kuila yeye hiyo boko-boko. Wiki ya saba mama alikuwa amebaki mifupa, na mimi nikaanza kuogopa kwamba nitazika wawili kwa mwaka mmoja.

Ndipo ilipofika barua yako ya kurasa nne. Mama msahafu anausoma wote, lakini herufi za skuli hazijui, basi nilikaa kitandani kwake nikamsomea. Alipolisikia lile la baharia mwenzako wa visiwa vya Pasifiki, kwamba kwao mtu akifa roho yake hugeuka ikaingia kwenye mnyama au ndege, ikarudi kuwalinda watu wake, na yale maneno yaliyomlenga yeye mwenyewe, alinyanyuka akakaa. Akaniambia nisome tena. Asubuhi yake kunguru akatua dirishani, akanyakua kipande cha mkate wa ajemi kwenye sahani ambayo mama hakuigusa. Mama akasema, kwa sauti ambayo sikuisikia tangu msiba:

"Biasha, nshamjua. Baba yako huyo. Tazama anavyodokoa."

Nisikufiche kaka, nilitazama na mimi. Unakumbuka baba alivyokuwa hawezi kupita jikoni bila ya kutia mkono chunguni. Na sauti yake ile ya tumbaku, basi kunguru alipolia nilikaribia kuitika naam. Tangu siku hiyo mama akawa anaagiza chakula cha watu wawili. Unga niliousimamia foleni mpaka miguu ikavimba, nusu anakula yeye, nusu anakula ndege. Nilikasirika, lakini mama alikuwa anakula, kwa hiyo nilirudi foleni.

Kisha ikazuka mas-ala ya mtandio. Mama hakujua ajitande mbele ya kunguru au asijitande. Kama ni mumewe, ana ruhusa ya kukaa kichwa wazi. Na kama ni mumewe na yupo, eda ya nini? Akaniagiza nimwite Mwalim Mjaka wa chuo cha Kurani. Mwalim alisimama chini ya ngazi, kwa kuwa mama haonani na wanaume, wakajadiliana kwa kupaza sauti na mtaa mzima unasikiliza. Mwalim alisema roho za maiti ziko barzakh zinangoja Kiyama, na hazina ruhusa ya kuja kula mkate Malindi. Mama akamjibu kwa adabu kwamba yeye hazungumzii maiti wote, anamzungumzia mumewe, ambaye hata alipokuwa hai hakuwa na desturi ya kuomba ruhusa. Mwalim akauliza kama kuna chai.

Wiki ya mwisho ya eda kunguru alikuja na mwenzake. Kijike chembamba, manyoya yanang'aa. Huyo mume wa mama alimega mkate, akamtia yule mdomoni kwa mdomo wake. Mama aliwatazama mpaka wakamaliza.

"Miaka thelathini na mmoja," akaniambia, "mimi hajanilisha hata tende."

Akachukua fagio la chelewa akawafukuza wote wawili. Mchana akala sahani mbili za wali kwa hasira tupu. Eda ilipokwisha aliona hana tena la kungojea: alikoga, akajifukiza udi, akavaa kanga mpya, na tukaenda Forodhani, akala mishkaki na kumweleza Bi Borafya kwamba yeye hana lawama, aliyehama ni mwanamume.

Sasa kaka, anakungoja wewe. Anajua meli yenu itafika Mombasa mwezi wa Julai na kwamba utavuka kuja kututazama. Anataka umwambie wanawake wa visiwa vya yule baharia huwafanya nini waume wa namna hii. Tena anataka akushukuru kwa yale uliyomwandikia.

Hapo ndipo ninapokuomba radhi. Ulichoandika juu ya roho kilikuwa mistari mitatu, tena ya kuchekea. "Mama, baba atakuja kukutazama, na akikukuta hujala ataondoka," hayo hayakuwamo. Nilipojifanya nayasoma, macho yangu yalikuwa kwenye mistari uliyoandika bei ya saa za mkono za Singapuri.

Sikuwa na nia ya uongo. Nilikuwa nimemaliza kurasa zote nne, mama akaniuliza, "Na baba yake, kasemaje juu yake?" Niligeuza karatasi mbele na nyuma. Telegramu ya msiba najua uliipata, maana nahodha wenu aliijibu. Lakini humo hamkuwa na neno, kaka, hata pole. Basi nikairudia ile mistari mitatu nikairefusha.

Siku ile nilikuchukia. Sasa nimepoa, na nadhani ulishika kalamu ukashindwa. Lakini mama barua hiyo anailalia chini ya mto. Kila Ijumaa hunitaka nimsomee pahala pale, na mimi huhangaika kukumbuka Ijumaa iliyopita nilisemaje. Nimechoka kuwa wewe. Kabla hamjafika Mombasa niandikie mstari mmoja juu ya baba, hata uwe mbaya, niusome ulivyo.

Bi Borafya na Mwalim Mjaka wanakusalimu. Mama naye anakusalimu sana, na anasema jikinge na baridi. Mungu akulinde huko uliko.

Mdogo wako akupendaye,
Biasha binti Silima