Wimbo wa Mwisho katika Albamu ya Wendy

Ruring'u, Nyeri
11 Mei 2025

Dada yangu mpendwa Murugi,

Pokea salamu zangu pamoja na za wifi yako. Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imenikaza magoti. Natumaini kifua chako kimepoa na kwamba duka la mchele linakwenda vizuri. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ungenikata kabla sijamaliza.

Ulinituma kwa binti yako Wendy, aliyeacha kazi ya ukarani katika kinu cha mpunga, akaja huku Nyeri ili arekodi albamu na bendi yake ya magitaa. Ulitaka nimwambie arudi nyumbani Wang'uru kabla ya mwezi kwisha, la sivyo asijihesabu tena kuwa mwanao.

Nilikwenda nikiwa na hasira kwa niaba yako. Nilitarajia uvivu na moshi. Nilikuta chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimefunikwa kwa magodoro na trei za mayai, na vijana wanne wameketi kimya wakingoja mvua ikome, maana paa ni la mabati na kila tone linaingia katika maikrofoni. Mpiga ngoma wao, Theuri, aliniuliza kama anayemuuliza babu yake, "Guka, umekuja kujaribiwa sauti ama kutuombea?" Kisha akanitaka nivue viatu, ati soli zangu zinalia. Nikaketi kwa soksi, mimi mzee wa kanisa.

Mvua ilipokoma, Wendy aliimba mstari mmoja hadi nikachoka kuusikiliza. Wenzake walisema umetosha. Yeye akasema bado. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, sikupata wanafunzi wengi wa namna hiyo.

Nyimbo zote zilikuwa tayari isipokuwa ule wa mwisho. Huo unakuhusu wewe: umesimama kwenye tuta kabla ya jua, unawafukuza ndege mpungani kwa ile sauti iliyomfanya Wendy aone haya mbele ya wenzake wa shule. Sasa anaitafuta sauti hiyo kooni mwake. Alijaribu, ikakatika. Akatoka nje, akaniuliza kama nimeongea nawe, na kama mama amesema neno.

Murugi, maneno yako nilikuwa nayo mdomoni. Nilimjibu kwamba unamsalimu sana, na kwamba unangoja kuusikia wimbo huo. Alirudi ndani, akauimba mara moja tu, na hiyo ndiyo sauti iliyo kwenye albamu.

Basi nimesema uongo, na siombi radhi. Albamu inatoka Ijumaa. Kabla ya siku hiyo Wendy atakupigia simu, kwa sababu anaamini kwamba ulimsalimu. Tafadhali, msalimu.

Mungu akutunze wewe na wote walio nyumbani. Usinijibu kwa hasira ya siku ya kwanza. Ngoja ya pili.

Kaka yako akupendaye,
Ngatia