Ngogo Aliyenguruma Mtumbwini

Mjukuu wangu Hodan,

Assalamu alaikum. Huku Masalani tu wazima, alhamdulillahi. Mbuzi wamezaa, na mjomba wako amepona kikohozi.

Umeniuliza kama ni kweli samaki hupiga ngoma, kwa kuwa wenzako wamekucheka. Ni kweli. Mimi nimemshika kwa mkono wangu.

Nilikuwa msichana. Mzee Buya, mvuvi wa Kipokomo, alikuwa akituvusha mto Tana kwa mtumbwi wake, mimi, baba yangu na jamaa zetu. Ndani ya kapu lake ngogo mmoja akaanza kunguruma, du, du, du, kama ngoma ya mbali.

"Sihiri!" baba yangu akapiga kelele. "Huyu mtu anafuga jini!"

Nilimtoa yule ngogo, nikihadhari na miiba yake. Tumbo lilikuwa likitetemeka kiganjani. "Aabo, ni samaki tu! Mshike usikie!"

Hakumshika. Hakuna aliyemshika! Walimwaga kapu zima mtoni, chakula cha watoto wa Buya, wakashuka bila kuaga. Hodan, nikikumbuka damu inanichemka mpaka leo. Watu wazima kabisa, na kunyoosha mkono tu kuliwashinda!

Wiki hiyohiyo mama alizidiwa na homa, na zahanati ilikuwa ng'ambo. Baba akasimama ukingoni akiita, "Buya! Buya!" Mzee akaja, akapiga kasia kwa nguvu zake zote, na mama akapona.

Baba alimpa mbuzi. Neno la samahani hakulisema mpaka anakufa. Kila siku namwombea rehema, na bado nimemkasirikia.

Ayeeyo wako