Tawi la Saba

Jumanne, Mombasa

Kanuni ile niliiweka mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Katika mfumo wetu wa maombi ya wakimbizi, kila mtu wa familia hufunguliwa tawi lake. Matawi yote huenda kwa pamoja, na faili la familia haliendi mbele mpaka tawi la mwisho likamilike. Wakubwa walitaka wepesi. Mimi nikang'ang'ania: hakuna kuachana.

Sasa watu saba wa familia moja ya kisiwa cha Ngumi wamekwama kwa mwezi wa nne. Matawi sita yamekwisha. La saba ni la babu yao, ambaye mashine ya alama za vidole haimsomi. Kuvuta mshipi wa kuvulia samaki miaka yote kumemlainisha vidole, havina mstari hata mmoja. Leo nimempaka mafuta, nimempangusa, nimejaribu mara tisa. Mashine ya kipumbavu!

"Mwanangu," akaniambia kwa lahaja ya kwao, "wachu sita wasikwame kwa mchu mmoja. Waache watangulie."

Nikiondoa alama kwenye kisanduku kimoja tu cha kanuni ile kwenye skrini, sita wanakwenda. Mkono ulifika pale, ukakataa kubonyeza.

Baba yangu alituambia vivyo hivyo kwetu Burgao, siku tuliyokimbia vita. Tukatangulia, na mpaka leo hajafika.