Siki Ndani ya Bati

Wanda mwanangu,

Vifaranga saba wamekufa. Nimewafunika kwa taulo barazani, baba yako asiwaone. Waliobaki wamejikunyata chini ya taa ya joto, mbawa zimelegea, wanaharisha kijani. Wawili nimewatia kwenye boksi la viatu, nawakimbiza kwa daktari wa mifugo kabla hajaondoka kwenda kutibu ng'ombe wa jirani zetu kina Thibault.

Maji ya siki MWAGA YOTE. Wape maji matupu, kwenye chombo cha plastiki. Kitunguu saumu kwenye chakula hakina neno, kiache.

~~Muulize mumeo nani huagiza vifaranga kwa posta theluji haijayeyuka.~~

Hapana. Curtis hana kosa. Asubuhi nimeingiza mkono kwenye kile chombo cha bati wanachonywea maji nikakuta kumelika, kuna ungaunga mweupe. Siki imekula bati, na vifaranga wamelinywa. Curtis alinionya Jumapili: "Mama, siki na bati havikai pamoja." Nikamjibu, "Mimi nilifuga kuku wewe ukiwa kwenye nepi." Nilitaka matumbo yao yawe imara, wakue bila dawa za dukani. Tazama sasa.

~~Baba yako akiuliza, sema ni baridi.~~

Sema ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia baba yako atie siki. Hata jina langu amelisahau, lakini kuwajazia maji kila asubuhi hajasahau. Akichukua ndoo yake, tafadhali usimnyang'anye. Msogezee tu kile chombo cha plastiki.

Mama