Antena ya Kusikilizia Ndege ya Dawa

Jumatatu, 20 Januari 1986

Baraza. Bwana shamba katangaza kuwa ndege ya serikali itakuja kuwanyunyizia dawa kwelea, wale ndege wala nafaka, kule bondeni wanakolala. Wenye mizinga wazibe nyuki siku hiyo. Siku gani? — akaulizwa. Siku ndege itakapokuja, akajibu, akakunja karatasi yake kama mtu aliyemaliza kazi.

Nilimtazama shemeji yangu Nzomo. Mizinga yake yote iko kwenye migunga ya bonde hilo hilo — aliyoachiwa na babake na aliyochonga mwenyewe. Akiziba mapema, nyuki watakufa kwa joto. Akichelewa, watakufa kwa dawa. Siku sahihi ni moja tu, na hakuna anayeijua.

Ila rubani. Na rubani huongea kwa redio!

Jumanne, 21 Januari

Ile redio niliyoinunua kwa Mzungu wa visima alipokuwa anarudi kwao ina bendi ya ndege. Mke wangu Mbula huiita sanduku la kelele. Leo nimeiweka kwenye Land Rover yangu, nimesikiliza kutwa. Kelele tu, Mbula hakukosea.

Inataka antena ya nje, juu ya gari. Nzomo kaniuliza kama kweli nitaweza kumsikia rubani. Nikasema ndiyo, kabla sijafikiri.

Alhamisi, 23 Januari

Nimepeleka nyanya Kitui, nikapitia kwa Hemedi wa spea. Nilishika antena ndefu kuliko zote, kama ya lori la jeshi. Hapa kwetu kila kitu cha kunasa mawimbi hupandishwa mlingoti hadi majirani wakuheshimu. Hemedi akacheka kwa adabu, vile watu wenye asili ya pwani hucheka. Kwa ndege, fupi yatosha, kasema, isizidi mkono. Hiyo ndefu ni ya mawimbi mengine, na ya kujionyesha.

Fupi nazo ni tatu. Ya kutobolea paa katikati — hiyo ndiyo bora, kasema. Ya kubana ukingoni. Ya sumaku, unapachika tu. Kutoboa sitaki, mvua ikinyesha nitaoga nikiendesha. Ya kubana ilikuwa na kutu. Akauliza gari gani. Nikasema Peugeot. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimevaa koti.

Basi chukua ya sumaku, kasema.

Ijumaa, 24 Januari

Sumaku haishiki! Juu ya paa, imeteleza ikanigonga mguu. Mlango — wapi. Boneti — wapi. Land Rover yote imevaa aluminiamu. Mwenye Peugeot angekuwa anasikiliza saa hii.

Nzomo alikuwepo. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 26 Januari

Ni Mbula aliyesema, akipita na kuni: kama sumaku inataka chuma, ipe chuma. Basi karai lake la kufulia liko juu ya paa, limegeuzwa kifudifudi, limefungwa kwa mipira ya tairi, na antena imesimama juu yake. Gari yangu inafanana na askari wa zamani mwenye kofia ya chuma. Baada ya kanisa nikapanda mlimani, nikazima injini, maana plagi zinanguruma redioni.

Sauti! Rubani wa ndege kubwa ya Mombasa, anataja namba taratibu kama mtu anayesoma bei ya maharagwe.

Naibu wa chifu kanikuta huko juu, kauliza kama nina leseni ya redio. Nikasema ninayo. Ni kweli, ila ni ya redio ya kawaida ya nyumbani.

Jumatano, 29 Januari

Mkulima Ndila kanisimamisha njiani. Mawele yake yako ng'ambo ya migunga ya Nzomo, na tangu wiki jana anapiga debe kufukuza kwelea. Sauti imemkauka. Amesikia nina mtambo wa kuizuia ndege. Nikamweleza kuwa mimi nasikiliza tu, sizuii kitu.

"Nyuki wakifa, Nzomo atalia," akaniambia. "Kwelea wakibaki, watoto wangu watalia. Ukiisikia hiyo ndege niambie na mimi, nipumzike."

Nimemwahidi. Nilikuwa sijamfikiria hata kidogo.

Jumanne, 4 Februari

Mlimani. Ndege ndogo, sauti karibu mno. Rubani alikuwa anawaambia watu wake walio chini: kesho, bonde la Kasikeu, hili letu, jua likitua, upepo ukiwa umetulia. Watu wenyewe sikuwasikia, nilimsikia yeye tu. Inatosha.

Nimeteremka mbio. Nimemwambia Ndila, kisha Nzomo. Nzomo kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jumatano, 5 Februari

Alfajiri, kabla nyuki hawajatoka, tumeziba mizinga yote. Majani mabichi mlangoni, magunia yaliyolowa maji juu. Nimebaki naye hapa bondeni, redio wazi, ili rubani akiahirisha tujue mara moja.

Mchana — upepo. Mchanga unaruka. Magunia ya kwanza yanakauka kabla hatujafika ya mwisho.

Redio kimya.

Bado jua liko juu. Upepo mara unalala, mara unaamka. Ng'ambo, Ndila ameweka debe chini, ameketi juu ya leso. Nzomo yuko mtini, sikio kwenye mzinga wa babake. Asubuhi nyuki walinguruma, anasema, sasa ni mlio mwembamba. Asali imeanza kudondoka kwenye ufa. Nta inalainika.

"Shemeji, rubani anasemaje?"

Hajasema kitu. Kule mlimani, kimya kingekuwa jibu. Huku chini, vilima vya kuzuia mawimbi pande zote, sikuwahi kuijaribu antena hii. Huenda ameahirisha kitambo. Huenda yuko njiani. Nikipanda mlimani kusikiliza, nitarudi nikute nyuki wameiva.

Naandika ili nisimtazame Nzomo. Mkono wake uko kwenye majani ya mlangoni, hauvuti. Ananingoja mimi.

Nimeongeza sauti hadi mwisho. Mchakacho tu.

"Shemeji. Nifungue?"